Kwa nini mwenzangu wa kidato cha pili anaeleweka kwa Kiingereza kuliko mimi niliyekisomea?

#1 Karani wa Kurasini

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu katika jambo ambalo limeanza kuniharibia usingizi.

Ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita kwenye simu nikizungumza na wenye mizigo walioko India, Uturuki na China, ambao wengi wao, kama mimi, Kiingereza hawakukinyonya kwa mama. Nimekisoma Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu, na barua pepe ninazoandika husifiwa. Meza ya jirani anakaa mwenzangu, ambaye hapa nitamwita Mzee, aliyeishia kidato cha pili na kuokota Kiingereza chake gatini kwa mabaharia na madereva. Hajui wakati uliopita wala ujao. Vitenzi vyote kwake ni vya leo. Hata hivyo, haipiti wiki bila mteja ambaye, baada ya kuzungumza nami dakika tano, huomba kwa adabu apewe Mzee, na Mzee humaliza shauri lile kwa dakika mbili.

Je, tatizo ni lafudhi, ni kasi, au kuna kitu ambacho shule haikunifundisha?

#2 Mbishi Halisi

Umeuliza swali la lugha, lakini huenda jibu lake si la lugha. Mzee anajua kontena liko wapi na faili liko mezani kwa nani, ilhali wewe unajua sarufi. Mwenye mzigo anayelipishwa tozo ya kuhifadhi kila siku inayopita hana haja na sarufi yako.

#3 Mwanaisimu Mnyonge

Hoja ya Mbishi ina uzito, ila haielezi kwa nini barua pepe za Karani zinaeleweka. Ingekuwa tatizo ni kutoujua mzigo, lingeonekana hata katika maandishi.

Mimi ningeanza na mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama *lazima*, au *barabara* yenye maana ya sawasawa. Kwa kuwa kanuni hiyo haitushughulishi, hatujazoea kusikiliza mkazo uko wapi, na tunapohamia katika Kiingereza tunaubeba mkazo wetu na kuubandika kila mahali. Kiingereza nacho hutumia mkazo kutenganisha maneno: "import" likiwa jina la bidhaa hukazwa mwanzoni, na likiwa kitenzi hukazwa mwishoni, vivyo hivyo "export", na haya ni maneno ambayo Karani huyatamka kutwa nzima. Ongeza tabia yetu ya kutia irabu baada ya konsonanti ya mwisho, na ukweli kwamba tuna irabu tano wakati Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, ndipo utaelewa kwa nini mtu aliyezoea kuyaona maneno yako kwenye skrini hayatambui yanapomfikia sikioni.

#4 Bi Mswafi

Ndugu Mwanaisimu, naomba nikupinge kwa heshima, kwa kuwa nimefundisha Kiingereza hapa Mombasa kwa miaka mingi. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Canada, Munro na Derwing, walichapisha utafiti ambamo wenyeji wa Kiingereza walisikilizishwa sauti za watu waliokulia katika Kichina, wakatakiwa kuandika walichosikia na pia kupima ukali wa lafudhi. Sentensi nyingi ambazo wasikilizaji walisema zina lafudhi kali sana waliziandika bila kukosa neno hata moja. Lafudhi ni jambo moja, na kueleweka ni jambo jingine.

Kisha mwaka 2000 Jennifer Jenkins, aliyechunguza mazungumzo ya watu ambao wote ni wageni wa Kiingereza, yaani watu kama Karani na wateja wake, alipendekeza kwamba sauti inayotusumbua ya "th" haina madhara makubwa, na mkazo wa neno mojamoja hakuuingiza katika orodha ya mambo ya lazima. Alivyovitia katika orodha ni vitu kama urefu wa irabu, konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na neno lipi katika sentensi linabeba uzito mkuu.

#5 Mbishi Halisi

Urefu wa irabu ndio unaomfanya mtu wa bandari aseme kwa Kiingereza kwamba kondoo wametia nanga nje ya bandari wakisubiri zamu, badala ya meli.

#6 Mwanaisimu Mnyonge

Bi Mswafi, ahsante kwa marekebisho. Nakubali kuhusu "th". Kuhusu mkazo wa neno sikubali moja kwa moja, kwa sababu pendekezo lile limebishaniwa sana na wenzake, na kwa sababu ya namba. 13 na 30 kwa Kiingereza hutofautishwa kwa mkazo na kwa sauti ndogo ya mwisho ambayo simu mbovu huimeza. Sisi tunaosema *kumi na tatu* na *thelathini* hatujawahi kuishi na hofu hiyo, kwa hiyo hatuchukui tahadhari. Namfahamu mfanyabiashara aliyeagiza katoni 13 za vipuri akaletewa 30, na kila upande uliapa kwamba ulitamka sawasawa.

#7 Baharia wa Chumbageni

Nimeusoma uzi huu nikitabasamu, kwa sababu mnatafuta nyumbani kitu kilichoko baharini.

Nilipanda meli za mizigo miaka 22 kabla ya kurudi Tanga. Nahodha alikuwa akitoka Ukraine, mhandisi mkuu India, mabaharia Ufilipino, nami Mtanzania peke yangu, na wote tulizungumza Kiingereza ambacho mwalimu yeyote angekichora kalamu nyekundu. Watu hawakufa, kwa sababu baharini kuna taratibu. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha mwaka 2001 orodha ya misemo sanifu ya mawasiliano, na ndani yake kuna mambo matatu ambayo, kama hisia zangu si za uongo, Mzee wa Karani aliyaokota gatini bila kujua yalikotoka.

La kwanza ni kutangaza aina ya ujumbe kabla ya ujumbe wenyewe. Unapozungumza redioni unaanza kwa kusema "swali", au "onyo", au "ombi", au "nia yangu", kisha ndipo unasema jambo lako. Alama hizo ziko nane. Anayesikiliza, hata kama Kiingereza chake ni cha kubahatisha, anajua tayari kama anatakiwa kujibu, kutii au kuandika tu. La pili ni namba: 150 haisemwi kama mia moja na hamsini, bali tarakimu mojamoja, moja, tano, sifuri, na hapo lile shauri la 13 na 30 la Mwanaisimu linafutika kabisa. La tatu ni kwamba anayepokea hurudia alichosikia, na kurudia huko hakuchukuliwi kuwa ni dalili ya uzito wa kichwa.

Karani, mteja akikutajia namba ya kontena, wewe huirudia, au husema "sawa, nimepata"?

#8 Karani wa Kurasini

Baharia, umenishika. Husema nimepata, kisha naingia katika barua pepe kutafuta namba ile.

#9 Dereva wa Tunduma

Sisi mpakani tunaandika namba kwenye kiganja na kuionyesha. Haijawahi kukosewa.

#10 Mpenda Ndege

Kutoelewana redioni, ambako kurudia kwa Baharia kunalenga kukuzuia, ndiko kulikogharimu maisha ya zaidi ya watu 600 katika uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Uhispania, mwaka 1977. Rubani Mholanzi alisema kwa Kiingereza maneno ambayo kwake yalimaanisha kwamba ndege imeanza kuruka, na mwongoza ndege Mhispania aliyaelewa kuwa ndege imesimama mahali pa kurukia ikisubiri ruhusa. Ndege mbili kubwa zikagongana ardhini.

#11 Mwana wa Kipawa

Marekebisho mawili, kwa kuwa jambo hili ni la kazi yangu. Waliofariki Tenerife tarehe 27 Machi 1977 walikuwa 583, si zaidi ya 600. Tena lugha haikuwa sababu peke yake: palikuwa na ukungu mzito, watu wawili walizungumza redioni kwa wakati mmoja hata maneno muhimu yakafunikwa na mlio, na nahodha Mholanzi alikuwa na haraka huku wasaidizi wake wakisita kumpinga. Lililobadilika upande wa lugha ni kwamba siku hizi neno la Kiingereza la kuruka kwa ndege hutamkwa tu pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kwingine kote hutumika maneno mengine.

Mfano unaofaa zaidi kwa Karani ni ule wa ndege ya Avianca kutoka Colombia iliyoanguka karibu na New York tarehe 25 Januari 1990, wakafariki watu 73 kati ya 158. Marubani waliwaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanawaishia, na awali walikuwa wameomba kipaumbele, lakini neno rasmi la dharura hawakulitamka. Kiingereza chao kilieleweka vizuri sana. Kila neno lilisikika. Kilichokosekana ni neno moja ambalo lingemfanya msikilizaji aache kila kitu.

Na kwa kuwa mmezungumzia lafudhi: tangu Machi 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hutakiwa wawe angalau na daraja la nne kati ya sita katika vipimo vya lugha vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na daraja hilo la nne linaruhusu matamshi yenye athari ya lugha ya kwanza, mradi yawe yanatatiza wepesi wa kueleweka baadhi ya nyakati tu.

#12 Nesi wa Leicester

Nawashukuru nyote. Ninyi mnazungumza kuhusu redio na simu, lakini mimi nakutana na mgonjwa uso kwa uso, na bado tunapotezana.

Kiswahili kina *mguu*, kuanzia nyongani hadi vidoleni, na *mkono*, kuanzia begani hadi kuchani. Kiingereza kimeukata kila mmoja vipande viwili vyenye majina tofauti. Mzungumzaji wetu hujifunza jina moja tu shuleni na kulibeba maisha yake yote. Nimemwona mama wa Kiswahili akipelekwa kupigwa picha ya goti wakati anacholalamikia ni unyayo. Matamshi yake yalikuwa safi, na neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza fasaha.

Halafu kuna *yeye*. Lugha yetu haijali kama *yeye* ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo tukichoka tunachanganya viwakilishi vya Kiingereza katika sentensi moja, na daktari huanza kuuliza ni wagonjwa wangapi tunaowazungumzia.

#13 Aliyetoka Nyarugusu

Dada Nesi, umenikumbusha siku ambayo nusura inigharimu safari.

Nilipohojiwa ili nihamishiwe Marekani, nilimkataa mkalimani kwa kiburi, maana katika kambi yetu ya wakimbizi mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia wenzangu barua za Kiingereza. Katika mahojiano ya kwanza nilieleza kwamba baba yangu aliuawa nikiwa mdogo. Katika ya pili, miezi kadhaa baadaye, nikaulizwa nani alinilipia shule, nikajibu kwamba ni baba yangu. Afisa akaacha kuandika, akanitazama. Kwake yeye nilikuwa nimefufua maiti. Mimi nilikuwa nazungumza kuhusu baba mdogo, ambaye kwetu ni baba, kwa cheo na kwa wajibu, na sikuona sababu ya kumpunguzia heshima mbele ya mgeni kwa kumwongezea neno la udogo.

#14 Bi Mswafi

Pole sana, mwanangu. Lakini kwa nini hukutumia neno la Kiingereza la ndugu wa baba? Lipo, na hufundishwa darasani mapema.

#15 Aliyetoka Nyarugusu

Bi Mswafi, neno lile nililifahamu kwa maana ya mjomba, ndugu wa mama. Ndivyo mwalimu alivyotuandikia ubaoni, neno moja kwa neno moja. Kumwita baba mdogo kwa neno la mjomba ni kumhamisha ukoo. Kwa hiyo nilichagua neno lililokuwa la kweli kwangu, na likawa uongo masikioni mwa afisa.

#16 Mbishi Halisi

Hili limenigusa, nami leo sitanii. Hata nchi zimepotea kwa njia hiyo. Carl Peters alipita Usagara mwaka 1885 akiwatia sahihi machifu katika mikataba ya Kijerumani, na sisi tukaamka koloni.

#17 Mwanaisimu Mnyonge

Mikataba ile ni ya mwishoni mwa 1884. Mwaka 1885, mwezi Februari, ndipo Kaizari alipotoa hati ya kuilinda kampuni ya Peters. Na tusichanganye mambo: pale mtu mmoja hakujua kabisa lugha ya karatasi, na mwingine alifurahia hali hiyo. Uzi huu unahusu watu wawili wanaotaka kuelewana.

#18 Mtoto wa Matrah

Asalaam alaykum. Naandika kutoka Muscat, nilikokuja kutoka Unguja nikiwa na Kiarabu cha madrasa. Nilipoingia dukani mara ya kwanza niliomba mkate kwa irabu za mwisho zote zikiwa mahali pake, kama msoma habari wa redio. Mwenye duka alinielewa, lakini alinitazama kana kwamba nimemhutubia, na wateja wawili wakageuka. Baadaye bibi mmoja wa Kiomani aliyekuwa foleni akaniambia kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Mwanangu, sema tu unataka mkate."

Karani, nahisi wewe unazungumza kwa simu Kiingereza ulichojifunza kuandika. Maneno yote ni sahihi, ila yamevaa kanzu na joho kwenda sokoni.

#19 Mkatanga

Mimi ni yule mteja. Si wa Karani hasa, lakini ni mmoja wa wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaopitisha mizigo bandari ya Dar. Mnasema lugha ya kigeni ni Kiingereza, kumbe kwangu lugha ya kigeni ni Kiswahili chenu. Sisi kule tunazungumza Kiswahili, ila hesabu tunahesabu kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha Kibelgiji, ambacho sabini na tisini zake hata Mfaransa wa Paris hazitumii. Nikiwa Dar, karani akiniambia *elfu sabini na tisa na mia nne* kwa mwendo wenu, mimi nakuwa bado niko kwenye elfu. Naona haya kumwambia arudie, kwa sababu sote tunasema kwamba tunazungumza lugha moja. Kwa Kiingereza ningemwambia arudie bila aibu yoyote.

#20 Nesi wa Leicester

Kaka Mkatanga, hilo la aibu ndilo nililokuwa nalitafuta. Nusu ya matatizo ninayoyaona hayatoki kwa anayezungumza, yanatoka kwa anayesikiliza na kusema ndiyo.

#21 Bi Mswafi

Na hiyo *ndiyo* ina shari yake. Ukimwuliza Mswahili, "Hujalipa?" anaweza kujibu "Ndiyo", akimaanisha ni kweli, sijalipa. Mwingereza akiulizwa hivyo, jibu la kukubali kwake humaanisha amelipa. Karani, chunguza: mteja anapokuuliza kwa Kiingereza kama kontena halijatoka, wewe hujibu nini?

#22 Dereva wa Tunduma

Kwetu ukiulizwa hujalipa unajibu "Bado". Hakuna wa kukosea.

#23 Mwana wa Kipawa

Dereva ametatua kwa neno moja kile ambacho sisi tunakiandikia insha. Ila Bi Mswafi, mbona watu wengi wa pwani hujibu "La, sijalipa"? Sidhani kama ni kanuni ya lugha nzima.

#24 Bi Mswafi

Sikusema ni kanuni, nimesema *anaweza*. Na kwa kuwa njia zote mbili zipo kwetu, hatari inazidi.

#25 Karani wa Kurasini

Wakuu, nimerudi na matokeo. Leo asubuhi alipiga mteja wa Mersin, Uturuki. Nilifuata ushauri wa Baharia: nilirudia namba ya kontena tarakimu mojamoja, nikazungumza polepole, nikajibu maswali ya kukanusha kwa sentensi kamili. Baada ya dakika nne akaniuliza kama laini ni mbovu, kisha akamwomba Mzee.

#26 Mbishi Halisi

Nilisema katika #2. Sirudii.

#27 Baharia wa Chumbageni

Usikate tamaa kwa simu moja. Tuandikie hapa sentensi uliyomwambia, kama ilivyokuwa, na aliyoisema Mzee baada yako.

#28 Karani wa Kurasini

Naiweka kwa Kiswahili ili sote tuione vizuri. Mimi nilisema: "Napenda kukufahamisha kwamba, kuhusiana na mzigo wako uliotajwa hapo awali, licha ya kwamba nyaraka zote zimekwisha kuwasilishwa katika mamlaka husika, na endapo hakutajitokeza kikwazo kingine chochote, kontena linatarajiwa kuwa limeruhusiwa kutoka ifikapo siku ya Ijumaa."

Mzee alisema: "Rafiki. Kontena, Ijumaa. Karatasi sawa. Pesa ya kuhifadhi, bado. Wewe lipa leo, Ijumaa kontena toka."

#29 Mtoto wa Matrah

Joho hilo hapo.

#30 Mwanaisimu Mnyonge

Tazameni Ijumaa iko wapi katika kila sentensi. Kwa Mzee ni neno la tatu. Kwa Karani ni la mwisho kabisa, na kabla yake msikilizaji amebebeshwa *licha* na *endapo*. Kiingereza cha kuandikwa huruhusu hivyo kwa sababu jicho hurudi nyuma, lakini sikio halirudi.

#31 Mwana wa Kipawa

Mimi naona jingine: Mzee ametaja pesa ya kuhifadhi, Karani hakuitaja kabisa. Ni yale yale ya Avianca, neno lenye uzito halikusemwa.

#32 Mbishi Halisi

Yaani Mzee alijua kuna deni, na Karani hakujua. Someni tena #2.

#33 Karani wa Kurasini

Deni nililijua. Nilikuwa nalifikia katika sentensi iliyofuata.

#34 Mkatanga

Ndugu Karani, ningekuwa mimi ndiye mteja, nisingefika katika sentensi iliyofuata. Hiyo Ijumaa yenyewe ningeuliza ni saa ngapi, halafu ningeuliza kama ni saa za kwenu au za kizungu.

#35 Dereva wa Tunduma

Mzee anapatikana? Nina mzigo wa Lusaka.